Upande wa Kushoto wa Uso Wangu

Asubuhi ile niliondoka Mpanda bila mpango wowote. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na stesheni, nafanya kibarua cha kupakia magunia kwenye mabehewa, na kazi ilikuwa imepungua. Nilitoka nje kunawa, nikaona lori limesimama barabarani na wanaume wanapakia madebe matupu, kamba na mashoka. Nikawauliza madebe yale ni ya nini. Wakasema ni ya asali. Wanakwenda Inyonga, na kutoka Inyonga wataingia porini mpaka mizinga yao yote iwe imerinwa. Sikuwa nimewahi kuona asali ikirinwa. Sababu ilikuwa hiyo tu. Nilirudi chumbani, nikachukua blanketi na sufuria, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikapanda juu ya lori.

Ndivyo nilivyokuwa nikiishi tangu nilipoacha shule darasa la nne. Mwalimu alidhani sipendi kusoma. Si kweli. Treni ilikuwa inapita karibu na shule yetu, na hakuna aliyeweza kuniambia inalala wapi, basi nikaenda kuangalia. Tangu hapo nimevuna tumbaku, nimevua migebuka ziwani, nimechimba visima, nimefukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Kila nilipoielewa kazi vizuri hamu iliniisha, nikahama.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeamka leo akakuta nusu ya uso wake haimsikii. Mimi nilipoamka hivyo sikuwa na wa kumuuliza. Mambo ya kitabibu nawaachia waliosomea. Nitasema niliyoyaona na yaliyonipata.

Kwanza ujue kwamba mtu anayetembea hana mali kubwa kuliko uso wake. Ukifika jioni kijiji usichokijua, unapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, naye kabla hajakuuliza jina anakutazama. Miaka ile ya sabini watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, kila mgeni anahojiwa, na kutazamwa kule ndiko kulikoamua kama utalala ndani ama njiani. Mimi nilikuwa na uso uliokubalika. Sikuwa na sura nzuri, lakini nilikuwa nikitabasamu, mtu anasogea kwenye benchi nikae. Sikuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa mali. Niliifahamu siku ilipoondoka.

Kambini mkubwa wetu alikuwa Mzee Lusambo, Mkonongo wa Inyonga, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu. Alikuwa na sheria moja: hakuna anayeingia porini na kinyongo. Jioni ya kwanza tulikaa kuzunguka moto, kila mmoja akamtaja mtu aliye na neno naye, ili aliache pale. Mmoja alikuwa na neno na kaka yake kwa sababu ya mbuzi, mwingine na mkewe. Walisema nyuki humjua mwenye moyo mzito na humfuata huyo. Ilipofika zamu yangu nikasema sina neno na mtu yeyote. Wakatazamana.

“Mtu asiye na neno na mtu,” akasema mmoja wao, “ama ni malaika, ama hana ndugu.”

Wakacheka, nami nikacheka nao.

Ulikuwa wakati wa kipupwe na pori la Inyonga lilikuwa baridi asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mwenge wa magome na kupuliza moshi, wakati wengine wakipanda kwenye mizinga. Kwa siku kadhaa nilisikia maumivu nyuma ya sikio la kushoto, nikadhani ni upepo wa juu ya lori. Kisha asubuhi moja nilichukua kikombe cha chai, nikanywa, chai ikatokea upande wa kushoto ikaniangukia kifuani. Nikajifuta, nikanywa tena, ikatoka tena.

Mzee Lusambo alikuwa ananitazama. “Acha mchezo, kijana,” akasema. “Sukari ni kidogo.”

Nilitaka kumwambia kwamba sichezi. Midomo ikakataa, neno likatoka limelegea kama la mlevi. Akainuka, akaja, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga. Wenzake wakaacha kula.

Kioo hatukuwa nacho. Nilijitazama kwenye maji ya sufuria. Upande wa kulia alikuwa yule yule ninayemjua, amekunja paji la uso kwa hofu. Upande wa kushoto paji lilikuwa laini kama la mtoto aliyelala, shavu limeshuka, kona ya mdomo inaelekea chini, na jicho limebaki wazi likinitazama. Nikalifumba. Halikufumba.

Walirudi kwenye lile neno la kinyongo. Yule aliyenitania alisema wazi kwamba nilificha kitu siku ya moto, na pori limekionyesha. Sikuweza kumjibu. Herufi zote zinazohitaji midomo kukutana zilikuwa zimenitoka. Hata jina la Mpanda lilinishinda.

Mzee Lusambo hakukubaliana naye. Aliniona mgonjwa, na akataka kunitibu kwa dawa aliyoijua. Magoti yake mwenyewe aliyatibu kwa nyuki: humshika nyuki mabawa, humgusisha panapouma, humwacha achome. Aliona kwamba shavu limeanguka, na nyuki huinua nyama. Niliona ni sawa. Akawagusisha shavuni, juu ya nyusi na kando ya mdomo, mmoja baada ya mwingine, taratibu, huku akiniomba radhi. Maumivu niliyasikia yote. Ugonjwa ule uliniondolea mwendo, maumivu ukaniachia.

Kufikia mchana shavu lilikuwa limevimba, limepanda, limelingana na la kulia. Kambi nzima ilifurahi. Mzee Lusambo alinizungusha kwa mabega kama mtu anayeuza ng’ombe, anawaambia wanitazame vizuri. Hata yule mtani alikuja kunishika mkono. Nilikatiwa sega la asali nyeupe, nikala, nyingine ikabaki imejificha ndani ya shavu na sikujua. Uvimbe ulipotoka, uso ulishuka nao. Tukarudia. Ukavimba, tukafurahi, ukashuka. Na muda wote huo niliendelea na kazi yangu ya moshi, na jicho langu haliwezi kujifunika.

Simlaumu Mzee Lusambo hata kidogo. Lakini wewe unayesoma, usikae unasubiri uvimbe ukufurahishe. Funika jicho kwa kitambaa safi, kaa mbali na moshi, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa wiki kadhaa, na jicho lilikuwa jekundu kama kaa la moto, linatoa machozi mchana kutwa, kabla mzee mwenyewe hajakubali kwamba dawa yake imefika mwisho. Alinisindikiza kwa miguu hadi Inyonga, akanitafutia nafasi kwenye lori la tumbaku, akanipa kopo la asali.

“Nenda kwa ndugu zako,” akaniambia. “Huu si ugonjwa wa kuugulia njiani.”

Nilikuwa na ndugu mmoja tu niliyejua anapokaa. Dada yangu Yustina alikuwa ameolewa Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda. Nilikuwa nimepita kwake mara chache, nikikaa siku mbili tatu, nikiacha samaki au kilo ya sukari. Nilifika kwake mchana, anapepeta mpunga. Alinitazama mara moja, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nilidhani amekimbia. Alirudi na kitambaa na maji ya uvuguvugu, akanikalisha, akaniosha jicho bila kuuliza kitu. Alipomaliza ndipo akalia.

Mume wake, shemeji yangu Leonsi, alikuwa mtu wa maneno machache na redio nyingi. Redio yake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na jioni majirani walikuja kukaa barazani kusikiliza taarifa ya habari na mpira. Hakusema nisikae. Lakini alisogeza bakuli langu la chakula pembeni, peke yangu, na aliwakataza watoto wasitumie kikombe changu. Watoto wenyewe hawakuogopa. Waliniita mjomba, wakashindana nani ataweza kufanya uso kama wa mjomba, mpaka mama yao akawachapa. Nilisikitika walipochapwa. Wao ndio peke yao walioutazama uso wangu bila kukwepesha macho.

Kula kulikuwa aibu. Uji ulichuruzika kidevuni, wali ulijikusanya ndani ya shavu la kushoto, ikabidi niutoe kwa kidole. Nilijifunza kulishika shavu kwa mkono ninapotafuna, na kula nikiwa nimewapa watu mgongo. Sauti za upande ule zilikuwa kubwa mno. Kifuniko cha sufuria kikianguka nilishtuka kama nimepigwa. Wakati wa kulala Yustina alinifumba jicho kwa kidole chake, akalifunga kwa utepe wa kanga kuukuu. Alifanya hivyo kila siku, kimya, kama mtu anayefunga mlango wa banda la kuku.

Kulitokea msiba wa jirani, bibi mmoja mzee aliyekuwa akinipa karanga. Nilikwenda kuzika. Kaburini uchungu ulinishika, nikaanza kulia, na upande wa kulia ukavuta mdomo wote kwake kama ulivyozoea kufanya. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu akawaambia wenzake kwamba yule mgeni wa Leonsi anacheka. Maneno yalizunguka haraka. Vijana wa marehemu walikuja wakasimama karibu nami, nami sikuwa na midomo ya kujieleza. Leonsi alinishika mkono akaniondoa. Tulipofika nyumbani akamwambia mkewe, mimi nikisikia, kwamba ni afadhali nisionekane kwa watu mpaka nipone au nife.

“Ni ndugu yangu,” Yustina akasema.

“Najua ni ndugu yako. Hawa wengine ni majirani zangu.”

Nilikaa uani siku nyingi baada ya hapo. Mimi niliyekuwa siwezi kukaa mahali nilikaa, kwa sababu kila nilipofikiria kuondoka niliona balozi fulani wa kijiji fulani amesimama mlangoni ananitazama. Nilijua atakachoniambia. Kama uso haurudi, safari zangu zimekwisha, nami nitazeekea kwenye ua ambao mwenyewe wake hanitaki.

Aliyetuambia kuhusu masista ni mwanamke aliyekuja kununua mpunga. Alisema kwenye hospitali ya masista kuna sista mgeni, Mtanzania, aliyetoka kusomea kazi ya viungo, na ana kisanduku cha umeme cha kuamsha misuli iliyolala. Leonsi alisema umeme unaua watu. Yustina alisema aibu nayo inaua. Kesho yake tukaenda, tukitembea asubuhi na umande, yeye mbele, mimi nyuma nimejitanda shuka lake kichwani kama mwanamke.

Benchi la pale lilikuwa refu, la mbao, limeng’arishwa na watu kukaa. Ukilikalia muda mrefu unajua magonjwa ya wilaya nzima. Kulikuwa na mama mwenye mkono ulioungua, na mtoto aliyefungwa chuma mguuni. Kulikuwa pia na fundi cherehani wa Karema, anaitwa Salumu, na uso wake umelala upande wa kulia. Alinitazama, akanitazama tena, akasogea.

“Wewe kushoto, mimi kulia,” akasema. Na yeye herufi zilimtoka vibaya, lakini nilimwelewa kuliko mtu mwingine yeyote. “Tukishonwa pamoja tunapata mtu mmoja mzima.”

“Na vile vipande vibovu?” nikamuuliza.

“Hivyo tunamshonea mwingine. Kwangu kitambaa hakitupwi.”

Tulicheka wote wawili, na kicheko chetu lazima kilikuwa kitu cha kutisha kukitazama, maana mtoto mwenye chuma mguuni alianza kulia. Yustina, kwa mara ya kwanza tangu nifike kwake, aliziba mdomo kwa kanga akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Sista aliitwa Klara. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alianza na jicho kabla ya kitu kingine. Aliniuliza madoa ya shavuni yametoka wapi. Nikamweleza habari za nyuki. Hakucheka wala hakunikaripia. Alisema jicho lina bahati, akanipa dawa ya kupaka, kisha akafungua kisanduku.

Nilisahau kwamba mimi ni mgonjwa. Kilikuwa cha mbao, na kifuniko kama sanduku la nguo, ndani kuna betri nene zilizopangwa safu, zile zile za redio, na waya mbili. Waya mmoja uliishia kwenye kisahani cha bati kilichofungwa kitambaa cha maji ya chumvi. Huo aliufunga mkononi mwangu. Mwingine uliishia kwenye kijiti chenye kichwa cha kitambaa, na kwenye kijiti kulikuwa na kitufe. Nikamuuliza umeme unapita wapi, unajuaje njia, kwa nini chumvi, kwa nini hauniui. Maswali yalitoka yamelegea hivyo hivyo, naye aliyajibu machache, kisha akasema ninyamaze kwa sababu shavu linalosema halitibiki.

Kichwa cha kitambaa kilikuwa baridi. Alipobonyeza nilisikia kama siafu mmoja ameniuma, akaachia. Karibu na jicho niliona mwanga unapita ingawa mlango ulikuwa umefungwa, na mdomoni nikapata ladha ya msumari. Alikuwa ameniwekea kioo mezani. Ndani ya kioo hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena, akasogeza, akabonyeza. Nilimwona Yustina nyuma yangu, ameshika vidole vyake.

Nikamuuliza Sista Klara kama umeme ule unaponya.

“Hauponyi,” akasema. “Mshipa wa fahamu unajiponya wenyewe, ukitaka, kwa muda wake. Umeme unaushughulisha msuli usije ukasahau kazi wakati unasubiri. Na wengine mshipa haurudi. Nakuambia mapema.”

Nimekutana na waganga wengi katika kutembea kwangu, na hakuna aliyewahi kuniambia mapema kwamba inawezekana nisipone. Nilimwamini kuanzia hapo.

Tulikwenda mara kwa mara, kipupwe kikaisha, upepo wa vumbi ukaanza, majani ya miombo yakapukutika na kuchipua tena mekundu kabla ya mvua. Siku moja katika kipindi cha joto alibonyeza kando ya mdomo na mdomo ukaruka. Kwenye kioo niliona nusu ya tabasamu ikipanda na kushuka, na sikuwa nimetabasamu. Ni kitu kigumu kukieleza. Uso wangu ulicheka bila mimi. Sista alisema nitazame, nijaribu kuusindikiza, yeye anapobonyeza na mimi nitake. Nilitaka mpaka jasho likanitoka. Alipoacha kubonyeza, ulilala.

Kisha betri zikaisha nguvu. Mjini hazikuwepo madukani. Miezi ile hata sabuni ilitafutwa. Sista Klara aliandika kuomba kwa wenzake wa mbali na akatuambia tusubiri, tujikande kwa vidole mbele ya kioo asubuhi na jioni. Salumu alirudi Karema kushona nguo za watu. Mimi nilirudi uani. Nilijikanda, nikavuta, nikapuliza kama mtu anayepiga mluzi, na upepo ukatokea pembeni kila mara. Ilionekana kwangu kwamba hata ule mruko mdogo umekufa. Nikaacha kula na watu tena. Nikamwambia Yustina asinifunge jicho, acha likauke, linanitazamia nini.

Yustina hakunijibu mimi. Alikwenda kusimama mbele ya Leonsi, aliyekuwa anasikiliza mpira na majirani, na akasema mbele yao wote, bila kupandisha sauti, kwamba tangu aolewe hajawahi kumwomba kitu cha ndugu zake.

Leonsi alimtazama, kisha akaitazama redio. Mpira ulikuwa haujaisha. Jirani mmoja akasema kwa utani kwamba amsubirishe mke mpaka kipenga cha mwisho. Leonsi hakucheka. Alisimama, akaigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, na sauti ya mtangazaji ikakatika katikati ya neno. Akazitoa betri zote, mpya kabisa, alizokuwa ameletewa na binamu yake wa Tabora. Akaja nazo uani alipokuwa hajakanyaga tangu msiba, akaziweka mapajani mwangu. Zilikuwa bado za moto.

“Shemeji,” akasema, “zikikusaidia, usinirudishie. Zisipokusaidia, nirudishie nimalizie mpira.”

Majirani waliondoka mapema. Redio ilikaa kimya mpaka baada ya mwaka mpya, na sikusikia akilalamika hata siku moja. Bakuli langu lilirudi kwenye mkeka wa wote. Hakuna aliyetangaza, jioni moja tu nilikuta limewekwa pale.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha siku mdomo uliposogea wenyewe. Nilikuwa kwenye kiti cha Sista Klara, naye alikuwa ameinama anachovya kitambaa kwenye chumvi, hajagusa kitufe. Nikajitazama kwenye kioo, nikavuta. Kona ya kushoto ikatetemeka, kidogo kama ngozi ya ng’ombe inapotuliwa na nzi. Nikavuta tena. Ikatetemeka tena. Nikamwita, akaja, akaweka kidole chake pale, akasema nifanye mara nyingine. Alipoondoa kidole alijifuta macho kwa mkono wenye maji ya chumvi, ikabidi aende kunawa.

Hadi leo sijui kama ni umeme, ama ni muda, ama ni Yustina na utepe wake. Salumu alipata umeme ule ule kabla yangu na kwa muda mrefu zaidi. Alirudi betri zilipopatikana, akakaa kwenye benchi lile lile, na uso wake haukusogea. Siku aliyouona wangu unasogea alinipongeza kwa dhati, kisha akasema basi tena, hatuwezi kushonwa pamoja. Wewe unayesoma, ukipona, utamkuta mtu kama Salumu karibu nawe. Kaa naye. Usimpe sababu kwa nini wewe umepona na yeye bado, kwa maana hakuna aijuaye.

Paji la uso lilifuata, kisha jicho likaanza kufumba nusu, kisha zaidi. Mvua kubwa zilipita, mpunga wa Mwamkulu ukavunwa nami nikishika mundu pamoja na Leonsi. Uso haukurudi wote. Nikitabasamu, kushoto kunachelewa, na mtu asiyenijua anaweza kudhani namkebehi. Sista Klara alinitazama mwishoni mwa mavuno akasema hapo ndipo pengine uso utakapoishia, nirudi tu kama jicho likiuma. Nilimshukuru. Kabla sijatoka aliniruhusu nishike kijiti mwenyewe, nikajibonyeza mkononi, nikaona kidole changu kinaruka bila kuambiwa. Nilikuwa nimeliomba jambo lile tangu siku ya kwanza.

Yustina alitaka nijenge chumba nyuma ya nyumba yao. Leonsi mwenyewe alinionyesha mahali, akapima kwa hatua. Niliwaambia nitafikiri. Na kweli nilifikiri, mpaka asubuhi moja nilipotoka kwenda kukata miti ya kujengea, nikakuta barabara ya kuelekea magharibi imekauka vizuri, na mtu wa baiskeli anapita na mkungu wa ndizi. Nikamuuliza ndizi zimetoka wapi. Nikarudi kuchukua blanketi.

Dada yangu alikuwa mlangoni. Aliliona blanketi.

“Kumbe ulipona ili uondoke,” akasema.

Nilimwambia nitarudi. Alisema hilo analijua, ila safari hii amezoea kunifunga jicho, na mikono yake itakosa kazi. Akaniingizia karanga kwenye sufuria, akageuka kwenda kuwasha moto. Nilitembea nusu ya siku bila kusikia wepesi niliozoea kuusikia mwanzoni mwa njia.

Nilifika Kasekese jua likiwa bado juu ya miti, miguu imechoka. Mtoto wa kwanza niliyekutana naye alinionyesha nyumba ya balozi. Alikuwa ameketi nje na mkewe wanapukuchua mahindi, mtu mkubwa mwenye ndevu za kijivu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu njia nzima, na niliyasema mara baada ya salamu, kabla hajapata nafasi ya kunitazama sana: kwamba sijalewa, sikebehi mtu, niliugua uso na upande wa kushoto haujarudi wote.

Balozi aliendelea kupukuchua gunzi mpaka likabaki tupu.

“Mimi sijauliza uso,” akasema. “Nauliza unatoka wapi.”

Zamani swali hilo nililijibu kwa kuonyesha barabara nyuma yangu. Nikasema natoka Mwamkulu, kwa dada yangu Yustina, mke wa Leonsi mwenye redio.

“Naye anajua kama uko huku?”

“Hajui. Hata mimi asubuhi sikujua.”

Mkewe alicheka, akasema huyu si mgeni wa kwanza wa aina hiyo. Akainuka akakung’uta kanga, akanionyesha chumba cha pembeni wanakohifadhia mahindi. Akasema nisogeze magunia nitandike mkeka, na kama nasikia panya nisijali, wako wenyewe kwa wenyewe. Nilipotoka baada ya kuweka blanketi, nilikuta balozi amemsimamisha njiani kijana mmoja mwenye baiskeli, mkwewe, ambaye alfajiri angepeleka mahindi Mpanda. Mwamkulu, akaniambia, haiko mbali na anakopita. Kama nina neno la kumpa dada yangu, niliseme sasa.

Kijana alishusha mguu mmoja chini akasubiri, ananitazama usoni kama mtu anavyomtazama mtu.

“Mwambie nimepata pa kulala,” nikasema.